Ritifaa

Niliandika mstari mmoja, usiku, Kapchorwa,
sola ikikaribia kuzima, sweta mbili mwilini:

^[A-Z][a-z]+$

Kofia mwanzoni: hapa ndipo jina lianzie.
Herufi kubwa moja mlangoni, kama mwenye nyumba,
kisha ndogo, moja au zaidi, zimfuate.
Alama ya dola mwishoni: hapa ndipo liishie,
pasiwe na nukta wala mkia wa aina yoyote.
Nikaujaribu kwa jina langu, Soyekwo. Ukapitisha.
Nikaujaribu kwa tusi lenye tarakimu. Ukakataa.
Nikalala kama mtu aliyefunga zizi.

Asubuhi ushirika ukafungua ghala.
Punda wameteremka na kahawa, matope hadi magotini,
Mangusho yuko kwenye mizani, tableti mkononi.
Arobaini na mbili na nusu.
"Jina, mama?"
"Chelang'at."
Akaandika. Kioo kikawa chekundu:
Jina si sahihi.
Akaandika tena, polepole, herufi kwa herufi.
Jina si sahihi.
Mama akainama, akakitazama kioo, akauliza
kwa Kiswahili chake cha soko la mpakani:
"Si sahihi tangu lini?
Miaka sitini na nane ninaitika."

Mimi sikuwapo. Niliyajua jioni,
nilipofungua jedwali nikakuta
wakulima kumi na saba wanaoitwa Mkulima.
Mkulima, kilo arobaini na mbili na nusu.
Mkulima, kilo kumi na tisa.
Mkulima, magunia mawili, simu 0700000000.
Mangusho alikuwa na foleni, na mvua ilikuwa njiani.
Alitafuta neno ambalo mlango wangu ungelikubali,
akalipata: M kubwa, ndogo sita, mkia hakuna.
Sahihi, ilisema programu. Sahihi. Sahihi.
Mara kumi na saba, bila kupepesa.

Nikamkumbuka Mwalimu Nambozo, shuleni Mbale,
akihesabu mizani kwa vifundo vya vidole.
"Hili limetimia," alisema, akinirudishia daftari,
"nane kwa nane, vina vimekaa.
Sasa niambie, ndani yake yuko nani?"

Na kosa lenyewe, punje tu ya wino.
Nimechunga ng'ombe tangu sijaota meno ya pili,
nimeng'oa magugu, nimeng'atwa na siafu,
nikaketi usiku na kusahau
kwamba kuna sauti puani
isiyopita bila ile alama juu yake.

Nikaiongeza ndani ya mabano.

^[A-Z][a-z']+$

Kesho yake Mangusho akapiga simu: chekundu tena.
Nikabisha. Akanitumia picha.
Ritifaa ya tableti yake imepinda kama mundu,
yangu imesimama wima kama msumari.
Kwa macho ya mtu, ni ile ile.
Kwa programu, mgeni mwingine mlangoni.

Siku ya tatu nikapanda mlima kwa miguu,
stakabadhi kumi na saba mfukoni, na kalamu.
Chelang'at alikuwa akianua kahawa, mawingu yamefunga.
Alinipa upande mmoja wa turubai niushike,
tukaikunja pamoja, ndipo akaniuliza nataka nini.
Nikasema: jina lako.
Akalitamka. Nikaliandika. Akaniambia nilisome.
Nikalisoma. Akaniambia nilisome tena.

Namba ya simu bado naibana:
sifuri, saba, kisha tarakimu nane, hapana mjadala,
ingawa najua sifuri nane mfululizo zitapita
zikinicheka.
Kwenye jina nimebakiza nukta na jumlisha,
maana yake: yeyote, mradi yupo.

Kumi na mmoja nimewapata.
Sita bado wanaitwa Mkulima,
na pesa zao zimekaa ofisini, kwenye bahasha,
zikingoja mtu aje akatae jina hilo.